Nyuki wa Macho Manne

Kkrrr.

Kitufe cha meza ya Posta hakikuwa na mlio wa kupendeza. Kilikwaruza kama kiti cha chuma kinachoburutwa sakafuni, na alasiri ile kilikwaruza mara ishirini, mara zote chini ya kidole kimoja. Mwenye kidole hicho alikuwa na miaka ishirini na minane. Sasa ana sitini na minne, magoti yanamsumbua, na kuna wakati anasuuza kikombe chake cha chai, mlio ule unampita masikioni, naye anatabasamu peke yake kama mtu aliyeitwa na mpenzi.

Alikuwa akitabasamu, tuseme hivyo. Mpaka Jumanne ile.

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Kila Jumamosi alasiri wafanyakazi wa ofisi za mji walikutana katika ukumbi wa reli kushindana chemsha bongo: Posta, Hospitali, Benki, Zimamoto, Walimu, Idara ya Maji. Wanne kwa wanne mezani, kila meza na kitufe chake kimoja. Msomaji anasoma swali. Anayejua anabonyeza, taa yake inawaka, anajibu. Akikosea, meza yake yote inafunga mdomo, na wapinzani wanasomewa swali mpaka mwisho kwa raha zao. Maswali ishirini, basi, watu wanakwenda kunywa chai. Mtu akipata sita alipigiwa makofi. Akipata kumi alibebwa juu juu mpaka mlangoni. Lakini ishirini kwa ishirini, mtu mmoja, bila kukosea hata moja, bila mwenzake wala mpinzani kuambulia kitu, hilo lilikuwa jambo la kusimuliwa tu, kama habari za mtu aliyewahi kuvuka jangwa akirudi kinyumenyume.

Yeye alilifanya. Tangu siku hiyo jina lake la kuzaliwa likabaki kwenye kitambulisho. Mji mzima ukamwita Ishirini.

Kazi yake ilikuwa kuchambua barua. Alisimama mbele ya ukuta wa visanduku vya mbao, mia moja arobaini na vinne, kila kimoja na jina la mahali, kidole gumba kimevishwa kofia ya mpira, akirusha bahasha bila kutazama zinakoangukia. Shule aliiachia darasa la saba. Baba yao alipofariki, mama alikuwa na nguvu za kusomesha mtoto mmoja tu, akasomeshwa kaka, kwa kuwa ni mkubwa na ni wa kiume, ingawa pale nyumbani hata paka alijua ni nani mwenye kichwa. Kaka akasoma miaka minne, akatoka na cheti chembamba, akaajiriwa kuendesha mashine katika duka la kudurufu. Mdogo wake akaingia Posta kufagia. Akifagia akasoma stempu. Akasoma anwani. Akasoma majarida yaliyokosa wenyewe, kisha kamusi ya mkuu wa ofisi, kisha kitabu cha mwili wa binadamu ambacho daktari mmoja alihama mji kabla hakijamfikia. Miaka mitano haikuisha akanyang'anywa ufagio na kupewa visanduku.

Kaka ndiye aliyemnoa. Kila alipotoka kazini alipitia jikoni, vidole vyeusi kwa wino, akakaa kwenye kigoda na daftari lake la jalada la bluu, akauliza huku dada akimenya viazi.

“Kiungo kikubwa kuliko vyote ndani ya mwili wa…”

“Ini.”

“Sijamaliza swali!”

“Umeshasema ndani ya mwili. Ulitaka nikupe figo?”

“Haraka zako hizi, Kadogo, ipo siku utaanguka.”

“Nikianguka nitakuangukia wewe.”

Wakacheka. Mama yao, aliyekuwa hai wakati huo, alipiga kelele kutoka chumbani kwamba kama wamemaliza kuchekana, yeye ana njaa.

Na dada alikuwa akipanda. Mwaka wa kwanza wa mashindano alikuwa akipata matatu, manne. Mwaka wa pili akafika tisa. Mwaka wa tatu wapinzani walianza kuulizana mlangoni kama yupo. Wiki moja kabla ya fainali alipata kumi na manne dhidi ya Zimamoto, na mkuu wa Zimamoto akasema huyu dada hazimiki hata kwa gari zima la maji.

Fainali ilikuwa na Walimu. Swali la kwanza, lake. La pili, lake. Kufikia la nane, wenzake watatu waliondoa mikono mezani, wakaiweka mapajani kama wageni. Kufikia la kumi na tano, ukumbi ulikuwa umenyamaza kiasi kwamba ungesikia mtu akijikuna. Swali la ishirini msomaji alilisoma taratibu.

“Nyuki, ukimhesabia macho yake yote, makubwa na ma…”

Kkrrr.

“Manne.”

Msomaji aliitazama karatasi. Akawatazama waamuzi.

“Manne. Sahihi.”

Kiti kilianguka mahali. Walimu ndio waliokuwa wa kwanza kusimama na kupiga makofi. Mezani kwao siku ile hapakuwa na hata mwalimu mmoja wa sayansi. Nahodha wa Posta, muuza stempu mnene mwenye maneno mengi, alipoulizwa siri ya ushindi wao alisema, “Sisi watatu tulikwenda kuota joto la taa.”

Wiki iliyofuata kaka alimwambia asicheze tena.

“Kwa nini?” dada aliuliza. “Ndiyo kwanza nimepata moto.”

“Ukishafika juu kabisa unakwenda wapi? Unashuka. Jumamosi utapata kumi na mawili, watu wataguna. Achia hapo hapo, Kadogo. Waache na ishirini yao vinywani.”

Alilia kidogo, kwa sababu mchezo ule aliupenda kuliko ushindi. Lakini kaka ndiye aliyekuwa baba yake, tangu baba alipoondoka; alimsikiliza. Mkuu wa ofisi alipomletea fomu ya masomo ya jioni, ili apate cheti alichokikosa utotoni, alimwambia ahsante, mzee, cheti nimekwisha kukipata ukumbini. Alisema kwa kujivuna, na maneno yale yalipendeza, yakarudiwa mji mzima.

Basi akaishi na jina lile la Ishirini. Akapandishwa kuwa msimamizi wa wachambuzi. Akaalikwa mashuleni kusimama mbele ya watoto na kuwaambia wasome kila kitu, hata habari za nyuki, maana hujui utaulizwa nini. Wazazi waliokata tamaa walimletea watoto wazito wa kuelewa awashike kichwa. Aliwashika, akawaambia wazazi kwamba dawa aliyonayo ni vitabu, siyo viganja. Hakuolewa. Alipostaafu, na mke wa kaka alipokuwa ameshafariki, ndugu hao wawili walihamia nyumba moja, yeye chumba cha nyuma, kaka cha mbele, redio katikati. Wageni wakija, kaka ndiye aliyesimulia. Alisimulia vizuri kuliko mwenyewe. Alijua pa kunyamaza, alijua pa kugonga meza. Na kila aliposimulia, chumvi iliongezeka: mwaka mmoja msomaji ameanza kutoka jasho, mwaka unaofuata karatasi imemdondoka.

Mwaka huu ukumbi wa reli ulipakwa rangi na mashindano yakarudishwa baada ya kulala miaka mingi. Mwenyekiti mpya, mhasibu wa Idara ya Maji, alitengenezesha ubao wa mti mzuri wa kuandikia rekodi. Mstari wa kwanza uliandikwa jina la Ishirini kwa rangi ya dhahabu. Wa pili ulikuwa wa nesi mmoja kijana wa Hospitali, aliyepata kumi na tisa mwezi uliopita, akasita kwenye la mwisho mpaka muda ukamwishia. Ubao ungefunuliwa Jumamosi, na nesi ndiye angeondoa kitambaa, Ishirini akiwa kando yake.

Jumanne, mlango ukabishwa. Alikuwa Mwalimu wa Sayansi, aliyekuwa akicheza meza ya Walimu enzi zile, sasa mzee wa fimbo na kofia, anapumua kama aliyepanda ngazi. Kaka alikuwa amekwenda kununua gazeti. Ishirini akamkaribisha mgeni, akamletea chai, wakaulizana habari za magoti.

“Nimesikia habari za ubao,” mwalimu alisema. “Nikasema nisife na neno langu. Unajua maswali ya fainali yenu niliyatunga mimi?”

“Wewe! Na mimi nikadhani ulikuwa mgonjwa siku ile, hukukaa mezani na wenzako.”

“Mtungaji hakai mezani. Ilikuwa siri yangu na ya katibu wa mashindano, na katibu keshatangulia. Sasa sikiliza, dada yangu, unicheke. Lile la nyuki nilikosea.”

“Ulikoseaje?”

“Nyuki ana macho matano. Mawili makubwa pembeni, na madogo matatu juu ya kichwa. Nilikuwa nachapa usiku umeingia, nimechoka, nikaandika madogo mawili, nikajumlisha, manne. Nimekuja kuona kosa langu pale pale ukumbini, msomaji ameshatamka ‘sahihi’, watu wanaruka. Ningesemaje? Niinuke niseme mshindi amekosa, kwa kuwa mtungaji ni mjinga?” Akacheka mpaka chai ikamwagikia sahani. “Nilikwenda nyumbani, nikafungua vitabu vyangu vyote. Hakuna kitabu chenye nyuki wa macho manne. Nyuki huyo yuko mmoja tu duniani, na ni wangu. Miaka thelathini na sita najiuliza: huyu dada alimtoa wapi?”

Ishirini alikuwa ameshika birika. Aliliweka chini.

“Nilisoma mahali,” alisema.

“Basi na aliyeandika mahali hapo alikuwa amechoka kama mimi!” Mwalimu alipangusa macho. Hakuwa na shaka yoyote; alikuwa na furaha ya mtu aliyetua mzigo.

“Mwalimu. Maswali mlikuwa mnachapia wapi?”

“Stensili, ile karatasi ya nta ya kudurufia, naipiga taipu mwenyewe nyumbani. Ijumaa tunakwenda na katibu pale duka la kudurufu, mkabala na mahakama. Nakala nne tu: msomaji, waamuzi wawili, mtunza muda. Tunasimama kando ya mashine mpaka ya mwisho itoke, stensili tunaichoma wenyewe kwa kiberiti. Pale hata sindano isingepita. Wala kijana wa mashine hakuwa mtu wa maneno. Alikuwa akitoa karatasi mbili tatu za kuonjea wino, anazitupa kwenye kikapu, kisha ndiyo anatoa zetu, safi. Mkimya sana. Vidole vyeusi kama amezaliwa navyo.”

Wakati mwingine mtu hupigwa na asione mkono. Ishirini alimsindikiza mgeni mpaka njiani, akamwombea safari njema, akamwambia aangalie lile shimo. Kisha akarudi, akakaa kwenye kiti ambacho mwalimu alikuwa amekalia, kikiwa bado na joto, na akaanza kukumbuka. Aliikumbuka Ijumaa ile. Alikumbuka kwamba siku ile kaka alichelewa na daftari lilikuwa na kurasa mpya, maswali mia mbili, labda zaidi, na kwamba alimuuliza mbio mbio mpaka viazi vikaungua. “Nyuki ana macho mangapi?” “Mawili?” “Manne, Kadogo. Manne. Shika hilo.”

Kaka aliingia na gazeti chini ya kwapa.

“Leo wameandika habari za Jumamosi!” alisema. “Ukurasa wa tisa, lakini wameandika.”

“Kaka. Nyuki ana macho mangapi?”

Alicheka. “Wewe leo umeamkia wapi? Manne.”

“Ulisoma kitabu gani?”

“Kitabu… Miaka yote hiyo, mimi nitakumbuka kitabu?”

“Mwalimu wa Sayansi ametoka hapa sasa hivi. Ameacha kikombe chake, hicho hapo. Anasema nyuki ana macho matano, na manne alikosea yeye, kwenye stensili. Stensili aliyokuletea wewe.”

Kaka alilikunja gazeti mara mbili, mara tatu, mpaka halikukunjika tena.

“Kikapuni?” dada aliuliza.

“Kadogo…”

“Nakuuliza. Uliitoa kikapuni?”

“Ilikuwa imelowa wino upande mmoja. Lakini ilisomeka.”

“Yote ishirini?”

“Nilichanganya na mengine mengi. Usione vibaya. Mengi ulikuwa unayajua mwenyewe, mdogo wangu, naapa. Kumi na matano, kumi na sita…”

“Yapi?”

“Ee?”

“Yapi niliyokuwa nayajua? Nitajie.”

Alikaa kwenye ukingo wa kochi kama mtu anayesubiri kuitwa ndani.

“Nilikula shule yako,” alisema mwishowe. “Miaka minne nimekaa darasani kwenye kiti chako, sielewi kitu, na wewe unafagia. Nilipoiona karatasi ile nikasema, Mungu kaniletea njia ya kumlipa. Sikuiba kwa ajili yangu. Nilitaka siku moja watu wote wakutazame wewe.”

“Walikuwa wananitazama. Wiki iliyotangulia nilipata kumi na manne.”

“Ndiyo, lakini…”

“Kumi na manne, kaka! Yangu. Na mwaka uliotangulia tisa. Nilikuwa napanda ngazi kwa miguu yangu, ukanibeba ukanitua juu, kisha ukaniambia nisishuke.” Sauti yake haikupanda, ilizidi kukauka. “Ndiyo maana ulinikataza kucheza.”

“Watu wangeanza kuulizana.”

“Ulinificha. Mimi nikadhani unanilinda.”

“Nilikuwa nakupenda.”

“Hukuniamini,” alisema dada, na akaondoka na vikombe.

Jumatano na Alhamisi walikula saa mbalimbali. Ijumaa kaka alisimama nje ya mlango wa chumba cha nyuma, akaongea na ubao wa mlango. Alisema hayupo mtu mwingine anayejua. Alisema mwalimu mwenyewe hakuelewa alichokisema. Alisema, “Ukilitoa nje nimekwisha, Kadogo. Nitapita wapi hapa mjini?” Ndani, dada alikuwa amekaa kitandani na karatasi, akijaribu kuandika maswali ishirini ya siku ile na kuweka alama kwa yale ambayo angejibu bila msaada wa mtu. Mto, alama. Damu, alama. Kwenye la tano aliacha. Kila alilolijua alilikuta limekaa na sauti ya kaka, akilisoma kutoka daftari la bluu, na hakuwa na namna ya kuitoa sauti ile ili aone kilichobaki. Mtu akikuibia mali unaweza kusema kilichoibwa ni hiki na hiki. Yeye hakuweza hata kusema hivyo.

Jumamosi alivaa gauni lake la kijivu. Hakuwa ameamua kitu. Alijiambia atakwenda, atasimama, kitambaa kitaondolewa, atarudi nyumbani. Ana miaka sitini na minne. Kwa nini aupindue mji kwa jicho moja la nyuki?

Ukumbi ulinuka rangi mpya. Walijaa: wazee wa ofisi za zamani, vijana wa ofisi za sasa, watoto waliovalishwa soksi kwa nguvu. Mwenyekiti alikuwa amemwekea kaka kiti cha mbele, na Ishirini, akisubiri kando ya jukwaa, alimwona ameinama, mikono katikati ya magoti. Karibu amhurumie. Lakini aliyekaa karibu na kaka, mama mmoja wa Benki mwenye miwani, alimgusa bega.

“Baba, eti wewe ndiye kaka yake? Ndiye uliyekuwa ukimfundisha?”

Kaka alisita. Alitazama chini, akatazama watu wa nyuma yake waliokuwa wamesogeza vichwa wasikie, na taratibu mgongo wake ukanyooka.

“Mimi ndiye niliyemnoa,” alisema. “Jikoni, mama, na viazi vinaungua.”

Wakacheka. Akaendelea. Akanyamaza pale alipokuwa akinyamaza siku zote. Msomaji akatoka jasho, karatasi ikamdondoka.

“Sasa niwaulize ninyi wasomi,” alisema, akigonga goti lake. “Nyuki ana macho mangapi?”

“Manne!” safu nzima ilimjibu, wazee kwa watoto, na kaka akacheka pamoja nao, kwa raha, kama mtu ambaye Jumanne haikuwahi kumfikia.

Dada alimtazama akicheka. Kitu kilichokuwa kikimwomba ndani yake amsitiri kilinyamaza.

Mwenyekiti aliwaita jukwaani. Nesi alikuja na sare yake nyeupe, ametoka zamu moja kwa moja, kalamu bado imechomekwa mfukoni. Alipiga goti kidogo kumsalimia.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Umechoka.”

“Kidogo tu.” Alishika pembe ya kitambaa. Watu walikuwa wamesimama, wengine wameshaanza kupiga makofi, na ilibidi asogee karibu ili asikike. “Bibi, nikuulize kabla sijafunua. Mimi lile la ishirini nilikuwa nalijua. Nililijua kabisa, nikaogopa, kidole kikakataa. Wewe ulifanyaje usiogope?”

Ishirini aliweka mkono wake juu ya mkono wa msichana, akaubana, kitambaa kisiende popote. Makofi yaliendelea. Mwenyekiti alitabasamu, akidhani ni baraka. Kwenye kiti cha mbele, kaka peke yake aliacha kupiga makofi.

“Kiache kitambaa, mwanangu,” alimwambia, kwa sauti ndogo ambayo haikuvuka bega la yule binti. “Mimi nilishaambiwa majibu. Wa kwanza ni wewe.”